UZI: Kuchagua transmita ya picha ya ndege ya mfano hapa Uganda. Masafa kwanza, nguvu baadaye

Mleta uzi (Mukono)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Jumamosi moja nilirusha ndege yangu ya povu juu ya shamba la ndizi la shemeji yangu. Alitaka picha ya kiwanja chote kabla hajawagawia watoto. Transmita niliyokuwa nayo, yaani kile kifaa cha kurusha picha ya kamera kutoka kwenye ndege hadi kioo changu chini, nilinunua mkononi, ilitoka Marekani, ya megahezi 910, nusu wati. Picha ilikuwa safi mno, inapita kwenye migomba kama hakuna kitu. Sijamaliza mzunguko wa tatu, shemeji akatoka nje na simu mkononi. Alikuwa anaongea na binti yake aliye hospitali, simu imekatika. Mkewe naye hapati laini. Jirani wa ng'ambo ya ua anainua simu juu kutafuta mtandao. Nikatua, nikachomoa betri, na baada ya dakika chache kila mtu anapiga simu kama kawaida.

Siku ile sikuelewa. Nilielewa nilipokaa na jedwali la masafa, na tangu hapo sijairusha tena.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu za redio. Amerika ni kanda ya 2, na huko megahezi 902 hadi 928 ziko wazi kwa vifaa vidogo visivyo na leseni. Afrika tuko kanda ya 1 pamoja na Ulaya, na kwetu hapo hapo ndipo simu zinapoishi: 880 hadi 915 simu inazungumza na mnara, 925 hadi 960 mnara unaijibu simu. Transmita yangu ya 910 ilikuwa inapiga kelele ndani ya sikio la mnara. Mnara umetengenezwa usikie simu dhaifu iliyo kilomita kadhaa, ndani ya nyumba ya matofali. Mimi nimepandisha nusu wati angani, hakuna mti wala ukuta wa kuizuia, na picha ya analogi inachukua upana wa megahezi karibu 20 bila kunyamaza hata sekunde moja. Yule binti angeweza kuwa anaomba msaada.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "transmita gani inafika mbali?", mimi namuuliza kwanza: hayo masafa ni ya nani hapa Uganda?

Tuzipitie bendi zinazouzwa.

Ya 900, nimeshasema. Hata ukipewa bure, kataa.

Ya 1.2 au 1.3 gigahezi inasifiwa sana kwa umbali na kwa kupenya majani. Ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Megahezi 960 hadi 1215 ni masafa ya kuongozea ndege. Vyombo vya kupima umbali wa ndege hadi kituo vimo humo, na ndege ya abiria inajitambulisha kwa rada kwenye 1090. Ziko transmita za bendi hii zenye chaneli ya 1080. Megahezi kumi tu! Chukua ramani uangalie Entebbe, kisha uwanja mdogo wa Kajjansi, kisha mahali unaporushia. Na hata ukichagua chaneli ya juu zaidi, 1227.6 ni ya GPS ya pili, wanayotegemea wapima ardhi.

Ya 2.4 ni halali kama bendi, ila rimoti nyingi za siku hizi zinafanya kazi hapo hapo. Ukiweka transmita ya picha ya 2.4 sentimita ishirini kutoka kwenye resiva ya rimoti, resiva inazibwa masikio na ndege inakwenda inakotaka. Labda rimoti yako iwe ya bendi nyingine. Bila hivyo, pita.

Inabaki 5.8, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanadhani ukishanunua ya 5.8 umemaliza. Hujamaliza. Eneo lililotengwa dunia nzima kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, ambalo nchi nyingi zimeruhusu vifaa vidogo vitumie, linaanza 5725 na kuishia 5875. Lakini transmita ya kawaida ya analogi inakuja na chaneli 40, yaani bendi tano zenye herufi A, B, E, F na R, kila moja chaneli nane. Nyingine zimo ndani ya ua huo wa 5725 hadi 5875, nyingine ziko nje kabisa.

Bendi E yote iko nje. Yote nane: 5705, 5685, 5665, 5645, halafu 5885, 5905, 5925, 5945. Ile 5645 inaangukia kwenye 5600 hadi 5650, zinakofanyia kazi rada za hali ya hewa. Bendi R, ile ya mashindano, ina 5658 na 5695 chini ya ua, 5880 na 5917 juu ya ua. Zinabaki nne. Na 5732 ikiwa na upana wake inamwagika chini ya 5725, kwa hiyo kwangu mimi ni tatu: 5769, 5806, 5843. Bendi F ndiyo nzuri kwetu, kuanzia 5740 hadi 5860 zote saba ziko ndani, ya nane tu, 5880, ndiyo ya kuacha. Mimi narusha kwenye F4, yaani 5800. Andika chaneli zako halali kwenye plasta, ubandike juu ya rimoti. Vitufe vya transmita ni vidogo na jua la saa sita halikuonyeshi taa yake.

Sasa nguvu. Ulaya, walio kanda moja na sisi, wanaruhusu miliwati 25 kwa vifaa vidogo vya 5.8. Ndicho kipimo ninachojiwekea. Najua wauzaji wanaonyesha 600, 800, hata wati nzima na zaidi. Lakini tazama hesabu: ili umbali uongezeke mara mbili, nguvu lazima iongezeke mara nne. Kutoka 25 kwenda 400 unapata umbali mara nne tu, na joto la kuyeyusha povu la ndege, na betri inayokwisha mapema. Antena ya chini, ile iliyo upande wako wa kupokea, inakupa faida ile ile bila kumwongezea mtu yeyote kelele. Ukitoa antena ya fimbo ya desibeli 2 (ndicho kipimo cha faida ya antena) ukaweka antena bapa ya desibeli 14, umepata desibeli 12. Hiyo ni sawasawa na kuitoa transmita miliwati 25 hadi 400. Hewani hujaongeza chochote.

Na sisi tunapiga picha. Hatushindani mbio wala hatuvuki ziwa. Ndege yenye bawa la mita 1.2 ikifika mita 500 ni nukta angani. Zaidi ya hapo huijui inaelekea wapi. Picha yenyewe inabaki kwenye kamera iliyo juu, ile ya hewani ni ya kukuonyesha tu fremu imekaaje. Mikwaruzo kidogo kwenye kioo haiharibu picha ya mteja.

Kuhusu ofisi. Kifaa chochote cha redio kinaangukia kwa Tume ya Mawasiliano, UCC, pale Bugolobi, na kinahitaji kuidhinishwa aina yake. Alama ya CE, ile ya Ulaya, kwenye boksi siyo idhini ya UCC. Muulize muuzaji karatasi za vipimo zinazoonyesha masafa na nguvu, upeleke hizo, na jibu ulipate kwa maandishi kabla hujalipa. Ndege yenyewe ni mambo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, na kuingiza ndege isiyo na rubani nchini kunapitia pia kibali cha usalama cha Wizara ya Ulinzi. Anzeni huko kabla ya kuagiza. Nimeona mizigo ya watu inakaa forodhani hadi mwenyewe anakata tamaa.

Mchangiaji wa Jinja

Asante sana mzee wangu. Mimi napiga picha za kwanjula (utambulisho wa kabla ya ndoa) na harusi, na sasa hoteli moja ya kando ya Nile inataka picha za juu. Muuzaji ameniambia kwa sababu ya miti na maji nichukue ya miliwati 600. Nimetunza hela karibu miezi minne, sitaki kukosea. Kweli 25 itatosha?

Mleta uzi

Itatosha, kijana wangu, ila upange unaposimama. Majani mabichi yanameza 5.8, migomba ndiyo mibaya zaidi kwa sababu imejaa maji. Usisimame chini ya miti ukitegemea nguvu ipenye. Toka nje, tafuta uwazi, uweke antena ya kupokea juu ya mguu wa kamera, mita mbili hivi, isije ikakingwa na mwili wako wala wa mtu mwingine. Mwili wa binadamu unazuia masafa haya.

Maji ni jambo lingine, na mabati pia. Vinarudisha mawimbi kama kioo. Picha inafika mara mbili, moja kwa moja na nyingine imeruka juu ya paa, zinapigana, ndipo unaona mistari. Dawa yake ni antena za mzunguko, zinazotoa wimbi linalozunguka kulia au kushoto, zile zenye umbo la jani la klova. Wimbi likigonga bati linageuza mzunguko wake, wa kulia unakuwa wa kushoto, na antena ya kulia inaukataa. Sharti moja: juu na chini ziwe upande mmoja. Ukiweka ya kulia juu na ya kushoto chini utapoteza desibeli 20 hivi na utalaumu transmita bure.

Fundi redio, Entebbe

Ndugu mleta uzi, kazi nzuri, ila nina mawili.

La kwanza: ile 25 ya Ulaya inahesabiwa hewani, baada ya antena. Transmita inayotoa 25 kwenye kiunganishi ikifungwa antena ya desibeli 2 inatoa kama 40 hewani. Umesema antena ya chini haihesabiwi, sawa kabisa, lakini ya juu inahesabiwa. Watu wasije wakafunga antena bapa kwenye ndege wakijiona wako ndani ya sheria.

La pili: kuhusu 1.2 hukutaja mwangwi wake wa pili. Kila transmita hutoa kidogo kwenye masafa mara mbili ya yake. Mara mbili ya 1.2 ni 2.4, ndiyo rimoti. Nimewahi kuletewa ndege iliyovunjika vipande, mwenyewe anasema rimoti ni mbovu. Rimoti ilikuwa nzima. Transmita ya picha haikuwa na kichujio, ndege inasikia kelele yake yenyewe kuliko inavyomsikia mwenyewe.

Mleta uzi

Nimekubali yote mawili, fundi. Antena yangu ya klova ina desibeli 1 na kidogo na waya unapoteza kiasi, lakini umesema kweli, hesabu ifanywe kwa haki. Ndiyo maana napenda transmita yenye hatua ya 10 au 14 pamoja na 25, ili mtu ashuke akibadilisha antena. Nitarekebisha plasta yangu.

Na mnisaidie kusisitiza hili: transmita nyingi zinatoka kiwandani zimefungwa kwenye 25 na chaneli chache, halafu maelezo yanasema bonyeza kitufe sekunde kadhaa kufungua zote. Usibonyeze. Kile kifungo kiliwekwa kwa ajili ya nchi kama zetu.

Dada wa Arua

Mimi ni mpima ardhi, natumia ndege ya DJI, siyo ya kujenga. Vijana wananiambia nibadilishe kwenye simu idhani iko Marekani ili iende mbali. Hii nayo ni kosa, au ni mpangilio tu wa programu?

Fundi redio, Entebbe

Ni jambo lile lile, dada, limevaa nguo nyingine. Nyingi za ndege hizo zina hali mbili, FCC, kwa jina la tume ya mawasiliano ya Marekani, na CE ya Ulaya. Kwenye 5.8 tofauti siyo ndogo: hali ya CE inaishia desibeli-miliwati 14, ambayo ndiyo ile miliwati 25, na ya FCC kwa modeli mpya inafika 33, karibu wati mbili. Kwenye 2.4 hali ya CE inafika 20, yaani miliwati 100. Ukitaka umbali ndani ya sheria, kule vijijini Arua ambako Wi-Fi ni chache, iache itumie 2.4. Utashangaa.

Mleta uzi

Naongezea kwa dada yetu. Wewe unatumia GPS ya kupimia kwenye kazi yako. Wewe ndiye wa kwanza kuumia mtu mwingine akileta 1.2 kijijini. Waambie hao vijana, watakusikiliza kuliko watakavyonisikiliza mimi.

Mchangiaji wa Mbarara

Wazee, kuna njia ya leseni ya redio ya ridhaa. Rafiki yangu Mmarekani anarusha na wati nzima kwa leseni hiyo na hakuna anayemgusa. Kwa nini tusiombe ya kwetu, ya alama 5X, tukamaliza maneno?

Mleta uzi

Leseni ya redio ya ridhaa ni kitu kizuri, iombe, utajifunza mengi. Lakini kwa kazi ya picha haikusaidii, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, kanuni za ITU zinasema redio ya ridhaa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya utafiti wa kiufundi, bila maslahi ya fedha. Ukilipwa na bwana harusi hata elfu hamsini, umetoka nje. Mchangiaji wa Jinja na hoteli yake hawamo.

Ya pili, rafiki yako ana bendi pana kuliko yetu. Kanda ya 2 wanaridhaa wana 5650 hadi 5925. Kanda ya 1 inaishia 5850. Zile 5880 na 5917 anazotumia yeye, kwetu hata mwenye leseni hana ruhusa nazo. Ndiyo maana sipendi video za mafunzo za Kimarekani zikichukuliwa kama zilivyo. Anayefundisha anasema kweli, lakini kweli ya kwao.

Na hata huko kwao siyo kwamba hakuna anayeguswa. Mwaka 2017 FCC ilimalizana na kampuni ya Lumenier kwa dola 180,000 kwa kuuza transmita za ndege za mfano zisizokubalika. Juni 2018 ikapendekeza faini ya dola milioni 2.8 kwa HobbyKing, muuzaji wa vifaa vya ndege za mfano, Julai 2020 ikaithibitisha. Sababu ni hizi hizi tunazozungumza, masafa ya watu wengine na nguvu iliyopita kiasi. Transmita zikikataliwa kule hazitupwi, zinauzwa kwingine kwa bei ya chini. Ile yangu ya 910 nadhani ilifika Kampala kwa njia hiyo.

Mchangiaji wa Masaka

Mimi nina tatizo dogo la fundi. Nimenunua transmita mpya ya 25 hadi 200, nikaifunga antena vizuri, imekaza kabisa, lakini picha inaonekana nikiwa mezani tu. Mita thelathini hakuna kitu. Na inachemka sana. Nimeuziwa mbovu?

Fundi redio, Entebbe

Zima sasa hivi, ndugu. Fungua antena utazame katikati. Kiunganishi cha SMA cha kawaida, upande mmoja una sindano na mwingine una tundu. Kuna aina ya pili iliyogeuzwa, RP-SMA. Zinafungana uzi kwa uzi, zinakaza vizuri, lakini katikati unakuta tundu na tundu. Hakuna kinachogusana. Transmita imekuwa inafanya kazi bila antena, nguvu inarudi ndani na kuunguza sehemu yake ya mwisho ya kukuza nguvu. Kama ni hivyo, nunua antena inayolingana ujaribu kwenye 25. Picha ikibaki dhaifu, hiyo imekwisha kuumia.

Mchangiaji wa Masaka

Ni kweli, tundu na tundu. Pole kwangu. Nimeagiza antena nyingine.

Mleta uzi

Pole sana ndugu. Na ukiijaribu mezani weka feni mbele yake. Hizi zimetengenezwa zipozwe na upepo wa ndege ikiruka, mezani zinaungua hata zikiwa nzima.

Sasa nirudi kwa kijana wa Jinja, alitaka jibu la kununua. Chukua transmita ya analogi ya 5.8 yenye hatua ya 25 au chini yake, inayoonyesha chaneli kwa namba, na yenye hali ya kuwaka kwa nguvu ndogo kabisa ili uipange chini bila kuharibu picha ya mwenzako. Antena mbili za klova za kulia. Resiva yenye milango miwili: mmoja weka klova kwa ajili ya ndege ikiwa juu ya kichwa chako, mwingine antena bapa, pia ya mzunguko wa kulia, ielekee ulikotuma ndege. Antena ya juu ifunge chini ya bawa, isimame wima, mbali na fito za kaboni, kaboni inazuia kabisa. Hela uliyopanga kuongeza kwa ile 600 ndiyo itakayonunua hiyo resiva.

Mchangiaji wa Jinja *(wiki tano baadaye)*

Mzee wangu, nimerudi na majibu. Nilikwenda UCC na karatasi za vipimo kama ulivyosema, jibu nimelipata kwa maandishi, limo kwenye faili. Jana tulirusha pale hotelini na mwenzangu ndiye alikuwa mwangalizi. Chaneli F4, miliwati 25. Kwa klova peke yake picha ilianza kutoka chenga karibu mita 400. Antena bapa ilipoelekezwa vizuri tukafika mita 600 na picha bado nzuri, tukageuza kwa sababu macho yetu yalishindwa kuiona ndege, siyo kwa sababu ya video. Jambo moja tu: kila ndege ikipita juu ya maji karibu na ukingo, picha inaruka sekunde moja hivi, kisha inarudi.

Mleta uzi

Hongera sana kijana wangu, umenifurahisha. Hiyo ya ukingoni jaribu kusogea nyuma mita kumi kutoka kwenye maji na kuinua mguu wa antena nusu mita, halafu utuambie kama inaruka mahali pale pale au imehama.

Mchangiaji wa Jinja

Imehama. Sasa inaruka kwenye gati, na kwenye gati sina picha ya kupiga. Asante mzee.